SOMO: KUTAFUTA PICHA YA BONDE LETU KATIKA KATALOGI YA SETILAITI



Mwezi Aprili 2024 Mto Rufiji ulijaa, maji yakatoka katika mkondo wake. Katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, mashamba yalizama, nyumba zilizingirwa na maji, na watu wengi walihama. Wakazi wa bonde wanayajua maji haya tangu enzi za mababu. Yakija kwa kiasi huleta rutuba, na yakiondoka watu hulima mlau. Lakini yakija mengi humaliza mpunga na mahindi, na kubomoa nyumba.

Maji yalipopungua, kikundi kimoja cha wanakisomo kilituletea swali. Serikali ya kijiji chao ilitaka kupanga upya: wapi wajenge nyumba, na wapi pabaki mashamba tu. Katika mkutano wazee wawili walibishana. Mmoja alisema maji yalipita mpaka nyuma ya shule. Mwingine akasema, "Hapana bwana! Nyuma ya shule hayakufika. Ilikuwa mvua tu iliyotuama." Kumbe mzee huyu wa pili ana kiwanja huko nyuma ya shule, na alikwisha kupanga matofali yake.

Ndipo mwanakisomo mmoja akatuuliza: "Mwalimu, eti kuna vyombo angani vinapiga picha dunia nzima. Je, hakuna picha ya siku zile?"

Picha zipo, tena ni za bure. Kazi ni kuzitafuta. Katika somo hili tutaeleza jinsi tulivyotafuta pamoja na kikundi kile, tulivyokosea, na tulivyopata.

KATALOGI NI KITU GANI?

Setilaiti ni chombo kinachozunguka dunia juu sana angani. Baadhi ya setilaiti zina kazi moja tu: kupiga picha ya ardhi, siku baada ya siku. Umoja wa Ulaya una setilaiti ziitwazo Sentinel. Picha zake huhifadhiwa katika ghala la Copernicus, kwenye intaneti. Marekani nayo ina ghala la picha za setilaiti za Landsat. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bure kwa kila mtu.

Maghala haya yana picha mamilioni. Sasa fikiri juu ya ghala la chama cha ushirika. Magunia yamejaa mpaka juu, na hakuna hata moja lenye alama. Utalijuaje gunia lako? Utafungua moja moja mpaka lini?

Kwa hiyo kila picha ina kadi yake. Mama aliyempeleka mtoto kliniki anaijua kadi. Kadi siyo mtoto, lakini inatueleza habari za mtoto: jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito, chanjo. Kadi ya picha inatueleza picha ni ya mahali gani, ilipigwa lini, ilipigwa na chombo gani, na ina mawingu kiasi gani. Mkusanyiko wa kadi hizo zote ndio tunaouita katalogi.

Unapotafuta katika katalogi, kompyuta haitazami picha. Inasoma kadi. Nayo inakuonyesha zile tu zinazolingana na ulichouliza. Ukiuliza vibaya utajibiwa vibaya, na picha yako itabaki ghalani.

Wengine watasema, "Mambo haya ni ya wataalamu, sisi tumejifunza kusoma juzi tu." Siyo hivyo. Kijana mwenye kompyuta anaweza kubonyeza, na maneno mengi ya katalogi ni ya Kiingereza, kwa hiyo mtafute anayeyasoma akae nanyi. Lakini kijana yule hajui maji yalikuja siku gani, wala mashamba yenu yanaanzia wapi. Ninyi ndio mnaojua. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Ila katika kazi hii inabidi kujua namna ya kuuliza.

Maswali ni manne: Wapi? Lini? Picha ya aina gani? Ina mawingu kiasi gani?

SWALI LA KWANZA: WAPI?

Kwanza tuliandika jina la mahali. Tukaona kwamba jina peke yake halitoshi. Kilwa ipo Tanzania, kusini ya Rufiji. Na Kilwa nyingine ipo Kongo, kando ya Ziwa Mweru. Mwanza ipo Tanzania, na Mwanza nyingine ipo Malawi. Na vijiji vidogo vingi havimo kabisa katika orodha ya majina.

Njia ya hakika ni namba mbili. Namba ya kwanza ni latitudo. Inaonyesha umbali kutoka Ikweta, kwenda kaskazini au kusini. Namba ya pili ni longitudo. Inaonyesha mahali kwa upande wa mashariki au magharibi. Mji wa Utete, kwa mfano, upo karibu na latitudo 8 kusini na longitudo 38.75 mashariki. Simu nyingi za kisasa zinaweza kukupa namba za mahali ulipo.

Hapa sisi tulikosea mara mbili, tena mbele ya darasa.

Sisi tupo kusini ya Ikweta. Kompyuta huandika kusini kwa alama ya kutoa: -8.0. Tulisahau alama ile, tukaandika 8.0. Ramani ikaruka, ikatua Ethiopia, karibu na Ziwa Ziway! Darasa likaona maji mengi likashangilia. "Haya ndiyo mafuriko yenyewe!" Kumbe lilikuwa ziwa la watu.

Tukasahihisha. Safari hii tukageuza namba: ya pili tukaiandika kwanza. Tukajikuta Ureno, huko Ulaya.

Tumeyaeleza haya ili msomaji ajue kwamba alama moja ndogo inaweza kukutupa nchi nyingine. Baada ya kuandika namba, tazama ramani kwanza. Je, mto unauona? Barabara unaitambua? Ukiona ni kwenu, ndipo uendelee.

Tulipofika mahali petu tulichora mraba kuzunguka kijiji na mashamba yake. Usichore mkoa mzima. Ukichora eneo kubwa, utaletewa picha nyingi zisizokuhusu.

SWALI LA PILI: LINI?

Kompyuta haielewi "wakati wa mafuriko" wala "wakati wa masika." Inataka tarehe. Basi tukauliza darasa: maji yalikuja lini? Kila mtu akasema lake. Mara bibi mmoja akasema, "Mimi nakumbuka. Idi ilitukuta tumekwisha hama. Pilau tulilia kambini."

Neno hilo lilitusaidia sana. Idi ya baada ya mfungo wa Ramadhani mwaka ule ilikuwa tarehe 10 Aprili 2024. Kwa hiyo tulitafuta kuanzia siku chache kabla yake hadi mwisho wa mwezi: tangu tarehe 25 Machi hadi tarehe 30 Aprili.

Angalia namna ya kuandika. Katalogi huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-03-25. Ukiona 2024-04-05, hiyo ni tarehe 5 Aprili. Siyo tarehe 4 Mei.

Angalia na saa. Saa ya kwenye kadi siyo ya Afrika Mashariki. Ongeza saa tatu. Kadi ikisema 07:30, huku kwetu saa ya ukutani ilikuwa 10:30, yaani saa nne na nusu asubuhi.

SWALI LA TATU NA LA NNE: AINA GANI, NA MAWINGU KIASI GANI?

Kila mama wa bondeni anajua kupepeta mchele. Ungo unaondoa makapi. Kisha unachagua chuya kwa vidole. Katika katalogi nako kuna vitu vya kuchujia. Unaweka alama kwenye aina ya picha unayoitaka, na zile nyingine zinaondoka. Unaweka kiasi cha mawingu, na zenye mawingu zaidi zinaondoka.

Tulianza na picha za Sentinel-2. Hizi ni picha za mwanga wa jua, kama za kamera ya kawaida. Tukasema tunataka zile zenye mawingu chini ya asilimia 10. Tukabonyeza.

Hakuna. Hata moja.

Darasa likakata tamaa. Mmoja akasema, "Si niliwaambieni? Huku bondeni nani atatupiga picha?" Lakini ghala halikuwa tupu. Sisi tulikuwa tumechuja mno. Mafuriko huja wakati wa mvua, na wakati wa mvua mbingu hujaa mawingu. Tulitaka picha ya mafuriko isiyo na mawingu. Ni sawa na kutaka masika yasiyo na matope.

Tukalegeza kidogo, mpaka asilimia 60. Picha zikaja, lakini kijiji chetu kilifunikwa na weupe.

Hapa kuna jambo la kukumbuka. Asilimia ya mawingu ni ya picha nzima, na picha moja ya Sentinel-2 ina kama kilometa 110 kila upande. Picha inaweza kuwa na mawingu asilimia 60, na kijiji chako kikawa kweupe kabisa. Au ikawa na asilimia 5 tu, na wingu lenyewe limekaa juu ya kijiji chako! Kwa hiyo usiitupe picha kwa kusoma namba tu. Fungua ile picha ndogo ya kuonjesha, uitazame.

Basi tukabadili aina ya picha. Tukachagua Sentinel-1. Setilaiti hii inatumia rada. Haingoji mwanga wa jua. Inatuma mawimbi yake yenyewe, yanapita katika mawingu, yanagonga ardhi, na yanarudi. Inaona usiku na mchana, mvua na jua. Kwa rada, kichujio cha mawingu hakina kazi tena.

Tukabonyeza, na mara hii picha zilikuja.

Kabla hujafungua, piga hesabu. Setilaiti ya rada iliyokuwa ikifanya kazi mwezi ule ilikuwa moja, Sentinel-1A. Yenzake, 1B, iliharibika Desemba 2021. Chombo kimoja hurudia njia ile ile kila baada ya siku 12. Toka tarehe 25 Machi hadi 30 Aprili ni siku 36. Gawanya kwa 12. Katika njia moja tegemea picha kama tatu, siyo thelathini.

Tulikuta pia herufi GRD na SLC. Tulichagua GRD, kwa sababu ndiyo iliyokwisha tayarishwa kwa kutazamwa. SLC ni ya wataalamu, nayo ni nzito zaidi. Jihadhari na bando. Faili la picha nzima linaweza kufika karibu gigabaiti moja. Kuitazama hapo hapo katika katalogi kunatosha kwa mambo mengi. Kama ni lazima kuipakua, utatakiwa kujiandikisha, nako ni bure.

PICHA MOJA HAITOSHI

Katika picha ya rada, maji yaliyotulia huonekana meusi. Mawimbi ya rada yakigonga maji laini yanateleza kwenda upande mwingine, hayarudi. Lakini mto wenyewe ni mweusi siku zote, na mabwawa pia. Utajuaje maji mapya ni yapi?

Unatafuta picha ya pili, ya kabla ya mafuriko. Sisi tulirudi katika katalogi tukabadili kitu kimoja tu, yaani tarehe. Tukaweka Septemba 2023, wakati wa kiangazi. Mahali, aina na njia ya setilaiti tuliviacha vile vile. Rada hutazama kwa ubavu. Ukichukua picha moja iliyopigwa chombo kikielekea kaskazini na nyingine kikielekea kusini, ni kama kumtazama mtu kwa sikio la kulia na kwa sikio la kushoto. Utaona tofauti ambazo siyo mafuriko.

Tukaziweka picha mbili sambamba. Palipokuwa kijivu mwezi Septemba na peusi mwezi Aprili, hapo maji yalikuja.

Nyuma ya shule palikuwa peusi.

Darasa lilinyamaza. Wote walimtazama yule mzee mwenye kiwanja.

PICHA NAYO INAKOSEA

Tusifikiri kwamba picha ndiyo mwamuzi wa mwisho. Yule bibi wa habari ya Idi aliinama, akatazama sana, akasema, "Mwalimu, hapa kwenye matete pameonyeshwa pakavu. Hapa sisi tulipita na mtumbwi."

Alisema kweli. Maji yakiwa chini ya matete au miti, mawimbi ya rada hugonga maji, hugonga mashina, kisha hurudi kwa nguvu. Mahali pale panaweza kung'aa, panaonekana kama pakavu.

Kijana mmoja akaonyesha doa jeusi upande wa pili wa mto. "Pale hapakujaa. Pale ni mchanga mtupu." Naye alisema kweli. Mchanga mkavu uliosawazika unaweza kuonekana mweusi kama maji.

Na jambo la tatu ni kubwa zaidi. Setilaiti ilipita siku yake, siyo siku ya maji kufika juu kabisa. Kati ya picha na picha kuna siku 12. Maji yanaweza kupanda na kushuka katikati. Kwa hiyo mstari wa maji katika picha unaonyesha kwamba siku ile maji yalifika angalau hapo. Siku nyingine yanaweza kuwa yalipita zaidi.

Basi tulitoka nje na kalamu na daftari. Tulikwenda nyumba kwa nyumba kutafuta alama ya tope ukutani. Mama mmoja alituonyesha alama iliyofika usawa wa dirisha. Nyumba yake ipo mbele kidogo ya mstari wa kwenye picha. Tukaandika. Mwisho tulikuwa na ramani iliyotokana na mambo matatu: picha, alama za tope, na kumbukumbu za watu. Ramani ile ilipelekwa kwenye serikali ya kijiji, ili wakae na ofisa ardhi wa wilaya kabla ya mkutano mkuu.

Yule mzee mwenye matofali hakufurahi. Tulipomuuliza atafanya nini, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kiwanja ni changu. Lakini maji hayakuniuliza." Matofali yake alianza kuyahamisha wiki ile ile.

FANYENI HIVI

1. Andikeni swali lenu kwenye karatasi kabla ya kuwasha kompyuta. Kwa mfano: "Maji yalifika wapi mwezi Aprili 2024?"

2. Wekeni mahali. Kumbukeni alama ya kutoa kwa upande wa kusini. Tazameni ramani mhakikishe ni kwenu. Choreni mraba mdogo.

3. Wekeni tarehe. Ulizeni wazee, na mlinganishe na sikukuu, mazishi, au siku ya shule kufungwa.

4. Chagueni aina. Kwa kiangazi, Sentinel-2 ni nzuri. Kwa mvua na mafuriko, tumieni rada. Kwa mambo ya zamani, kama vile mto ulipita wapi miaka ya 1980, tafuteni Landsat katika ghala la Marekani.

5. Mkipata picha nyingi mno, bananisheni kidogo. Mkikosa kabisa, legezeni. Lakini badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mkibadili vitatu pamoja, hamtajua kipi kilikuwa kinazuia.

6. Andikeni katika daftari tarehe ya picha, jina la setilaiti, na vichujio mlivyotumia. Kesho mtu mwingine akiuliza "Mmeipata wapi?" mtamjibu.

7. Tokeni nje mkaihakikishe picha kwa miguu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Katalogi: mkusanyiko wa kadi zinazoeleza vitu vilivyomo ghalani.
Kuchuja: kuondoa usivyovitaka, vibaki unavyovitaka.
Latitudo: namba ya kuonyesha umbali kutoka Ikweta, kaskazini au kusini.
Longitudo: namba ya kuonyesha mahali kwa upande wa mashariki au magharibi.
Rada: chombo kinachotuma mawimbi na kuyapokea yanaporudi.
Kupakua: kuleta faili kutoka kwenye intaneti hadi kwenye kompyuta au simu yako.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini jina la mahali peke yake halitoshi?
2. Kadi ya picha inasema mawingu ni asilimia 5. Je, una hakika kijiji chako kitaonekana? Eleza.
3. Setilaiti hupita kila siku 12. Katika siku 60 mtategemea picha ngapi za njia moja?
4. Yule bibi alijua mambo gani ambayo picha haikuonyesha?
5. Katika kijiji chenu kuna ubishi gani ambao picha ya zamani ingesaidia kuumaliza? Andikeni mahali pake na tarehe yake.

Swali la tano msilijibu kwa mdomo tu. Liandikeni, mlete karatasi darasani wiki ijayo. Tutaanzia hapo.